Karakana iliyonitengenezea jiko Ngamiani: wanachokiweza na wanachokiharibu

Jiko lina mita 3 kwa 3.6, kwenye nyumba ya zamani ya Ngamiani hapa Tanga, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Kazi tuliyokubaliana: kubomoa meza ya zege iliyochakaa, kupiga lipu upya, kujenga kaunta ya umbo la L, kubandika marumaru sakafuni na ukutani, makabati ya chini na ya juu, sinki, mabomba na nyaya mpya. Karakana ni ya samani, lakini inachukua kazi nzima na kuja na mafundi wake. Jina lao silitaji kwa sababu nitasema na mabaya. Mkataba ulisema siku 18, jiko likakabidhiwa siku ya 33. Kwa useremala ningewaita tena kesho. Kwa uashi pia, ila mtu asibanduke pale. Fundi bomba wao simpendekezi hata kwa karo la uani.

Kilichoiokoa kazi hii hakikutoka kwao: vyombo vilipimwa kabla ya ukuta. Fundi akija na futi kamba anapima ukuta, anachora masanduku ya sentimita 60 kwa 60 mstari mzima, halafu anauliza rangi. Vyombo vya jiko la pwani havijui masanduku hayo. Sinia la pilau lina kipenyo cha sentimita 55 hadi 60, na kabati la juu lina kina cha 30. Sufuria ya watu 40 haipiti kwenye mlango wa kabati wa sentimita 40. Kinu kina kimo chake, mchi ni mrefu kuliko kabati lolote la chini, na mbuzi ya kukunia nazi hata ikikunjwa inabaki na ulimi wa chuma unaotafuta vidole vya mtu. Yasipoandikwa haya kwenye mchoro, siku ya kurudisha vyombo unavipanga juu ya makabati mapya, na mtoto anakutana na mbuzi nyuma ya mlango.

Kwa hiyo kuchambua vyombo kufanyike wiki moja kabla ya fundi kuja kupima, sio siku ya kubomoa. Tandika jamvi uani, toa kila kitu, hata kile kilicho juu ya friji. Mimi niligawa mafungu manne: vya kila siku, vya shughuli, vya watu, na vya kutoka. Fungu la vya watu lilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Geuza kila sahani na kila sufuria, tafuta alama ya rangi ya kucha au herufi zilizochongwa kwa msumari, na mwenye nacho arudishiwe. Vyangu navyo vilianza kurudi kutoka nyumba za jirani baada ya hapo, kwa hiyo acha nafasi kidogo kwenye hesabu yako.

Vya plastiki vina sheria moja tu. Kila kopo litafutiwe kifuniko chake pale pale kwenye jamvi, lisilopata linatoka, na kifuniko kisicho na kopo kinatoka pia. Makopo ya siagi na ya aiskrimu yaliyowekwa "yatafaa" yalijaza pipa la lita 100. Sufuria zilizotoboka au zilizobonyea kitako hadi hazitulii jikoni, wauzie wanunuzi wa chuma chakavu, lakini kwanza fungua mikono ya plastiki na skrubu za chuma. Alumini safi ina bei yake, iliyochanganyika na chuma inapimwa kwa bei ya chini. Kikaango cha kutoshika kilichobanduka utando usimpe mtu, kitupe. Vyungu usiviguse kabla ya kuwauliza wazee wa nyumba. Chungu cha samaki kilichokolea miaka mingi huwezi kukinunua dukani.

Vikombe vilikuwa 61 kwa nyumba ya watu 6. Vimebaki 18 vya kila siku, na dazeni mbili za wageni zimehamia kwenye kabati la ukumbini. Vya shughuli, yaani masufuria makubwa, masinia, mabeseni ya kuoshea mchele, havina haja ya kukaa jikoni hata kidogo. Vinatumika mara chache kwa mwaka na vinakula nafasi ya kila siku. Vimejengewa rafu stoo.

Kilichobaki kwenye jamvi ndicho kilichopimwa na kuandikwa kwenye karatasi ya fundi. Sinia tano za kila siku zinasimamishwa wima kwenye upenyo wa sentimita 12, kabati la chini. Droo mbili zenye kina cha ndani cha sentimita 25 ni za hotipoti. Sehemu ya wazi isiyo na mlango, upana sentimita 45, ni ya kinu na mbuzi, na mchi unasimama pembeni kwenye pete ya chuma. Kulabu sita ukutani zimewekwa kwa ajili ya ungo, kifumbu, kawa na upawa. Vitu vya ukindu na vya udongo visifungiwe kabatini: vinanyonya unyevu, na kwa hewa yetu ya baharini vinaota ukungu kabla hujamaliza mwezi. Seremala alicheka kwanza alipoiona ile karatasi, kisha akaibandika ukutani karakana. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuwasifu.

Jiko la muda liwe uani au barazani, lenye meza moja, mtungi wa kilo 6 wenye kichwa chake, ndoo ya koki, mabeseni mawili na kreti moja ya vyombo: sahani, vikombe na vijiko kwa idadi ya watu, sufuria tatu, mwiko, kisu, ubao. Ukiongeza zaidi ya hapo vumbi litakuchosha kuosha. Angalizo moja: siku seremala anapaka vanishi au gundi ya kubandikia, moto usiwashwe karibu. Mvuke wa tina (thinner) unashika moto kwa mbali kuliko watu wanavyodhani. Siku hizo mbili tulinunua chapati na maharage.

Kubomoa kulichukua siku moja na nusu, na kifusi kilikuwa kingi kuliko tulivyokisia. Andika kwenye mkataba nani anakiondoa. Wetu haukuandika, kikakaa mbele ya nyumba siku tisa.

Lipu ndiyo sehemu ambayo mafundi wengi wa sasa hawaijui kwenye nyumba hizi. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua, unyevu unapanda kutoka chini na kutokea usoni. Ukiupiga lipu ngumu ya saruji moja kwa mchanga minne, unyevu unakosa njia, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, na baada ya mwaka unaona vipande vinavimba na unga mweupe unadondoka. Tulitumia saruji 1, chokaa 2, mchanga 9. Ni laini zaidi na inakauka polepole, fundi mwashi alilalamika siku nzima, lakini ndiyo inayofaa. Saruji inatengenezwa hapo Pongwe na chokaa sio kitu cha kutafuta mkoa huu. Mapango ya Amboni yenyewe ni mwamba wa chokaa. Tatizo ni mchanga. Usikubali mchanga wa ufukweni hata ukiambiwa umeoshwa. Chumvi yake inavuta unyevu, inatoa unga mweupe na inakula nondo. Chukua kiganja, weka kwenye glasi ya maji safi, tikisa, acha utulie, kisha onja maji kwa ncha ya ulimi. Lori la kwanza lilirudishwa kwa kipimo hicho.

Kaunta walitaka kuijenga yote kwa mbao za makabati na kuweka graniti juu. Nilikataa, na ningekataa tena. Kwa Tanga, chini jenga tofali na slabu ya zege, mbao ziwe milango, rafu na droo tu. Maji yakimwagika, sinki likivuja, mende, mchwa, vyote vinakuta tofali. Kuta ndogo za tofali za inchi 4 zilisimamishwa kila sentimita 60 hadi 90 kufuata ile karatasi ya vyombo, juu yake slabu ya sentimita 7.5. Urefu wote ni mita 5.4, upana sentimita 60, kwa hiyo zege ni karibu robo ya mita ya ujazo. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) mifuko 2 ya saruji ya kilo 50 inatosha na kubaki kidogo. Nondo nzima za milimita 10 zilikwenda 4, zikakatwa: vipande vinne kwa urefu, na vya kukatisha kila sentimita 20. Zege lilimwagiliwa maji asubuhi na jioni siku 7, mbao za chini zikaondolewa siku ya 10. Hapa walitaka kuondoa siku ya 4 "jua ni kali, limeshakauka". Kukauka sio kukomaa. Zege lililokaushwa na jua kabla ya wakati ndilo linalopasuka.

Tundu la sinki liachwe wakati wa kumwaga, kwa hiyo sinki linunuliwe kabla. Na hapa rudi kwenye jamvi: sinki la mabakuli mawili madogo linapendeza dukani, lakini sufuria ya kipenyo cha sentimita 40 haiingii hata kwenye moja. Bakuli moja pana, kina sentimita 20 au zaidi, na bomba lenye shingo ndefu la kugeuka, vinafaa zaidi. Masufuria ya shughuli yataoshwa kwenye karo uani hata ukinunua sinki la namna gani.

Kimo cha kaunta hakina sheria ya dunia nzima. Simama wima, kunja kiwiko, toa sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko, hapo ndipo uso wa kaunta unapotakiwa. Yetu ni sentimita 86 kutoka sakafu iliyokwisha marumaru. Kwa kukanda na kusukuma chapati hata 82 ingekuwa bora, lakini tulikuwa na watu warefu wa kuwaridhisha.

Marumaru. Sakafu ni mita za mraba 10.8, ongeza asilimia 10 ya kukatika, unapata karibu 11.9. Kwa kipande cha 40 kwa 40 ni vipande 75. Soma boksi lina vingapi, maana yanatofautiana, na hakikisha namba ya toleo ni moja kwenye maboksi yote, la sivyo rangi zitaachana. Chagua zisizoteleza, zile zinazong'aa kama kioo ni za ukumbini. Ukutani kati ya kaunta na makabati ya juu ni sentimita 60 kwa mita 5.4, yaani mita za mraba 3.24, maboksi 3 ya 30 kwa 60 yenye mita 1.44 kila moja. Gundi ya marumaru mfuko wa kilo 20 ulikwenda mita 4 hivi, tukamaliza mifuko 4 kwa sakafu na ukuta.

Fundi marumaru alianza kwa kuweka madonge matano ya gundi nyuma ya kila kipande na kukibonyeza. Usikubali. Panapokosa gundi panabaki uwazi, siku mchi unapoanguka kipande kinapasuka hapo hapo. Gundi isambazwe kwa mwiko wa meno sakafu nzima. Siku ya pili gonga kila kipande kwa sarafu. Kinacholia kama debe tupu kitolewe kabla ya kujaza grauti, ile saruji ya kuziba nafasi kati ya vipande. Vilitoka 11. Walivibandua na kurudia bila kununa, na hilo nalo liandikwe upande wa mema yao.

Kosa lao kubwa lilikuwa hili: seremala alipima nafasi za makabati siku lipu ilipokwisha, kabla ya marumaru. Kipande pamoja na gundi kinakula kama sentimita 1.3 kila upande. Nafasi kati ya ukuta na ukuta ikapungua sentimita 2.6, na kabati la juu lilikuwa limeshatengenezwa kwa vipimo vya zamani. "Itaingia tu mama, tutalisukuma." Halikuingia. Lilirudi karakana, likakatwa na kuungwa, siku 6 zikapotea. Vipimo vya mbao vichukuliwe mara moja tu, baada ya marumaru, na vichukuliwe juu, katikati na chini, kwa sababu kuta za zamani hazina timazi. Ukuta wetu mmoja umelala sentimita 2 kutoka juu hadi chini.

Ubora wa mbao wenyewe sina ubishi nao. Masanduku ni marine bodi, yaani plywood inayostahimili maji, ya milimita 18, kingo zote zimefungwa ukanda wa plastiki, hata zile za nyuma zisizoonekana. Hapo ndipo maseremala wengi wanapobania. MDF ya kawaida (bodi ya unga wa mbao uliobanwa) ukingo wake ukilowa mara moja unavimba kama mkate na haurudi, na hakuna rangi itakayouficha. Milango ni fremu ya mtiki. Mtiki haukosekani, Longuza kule Muheza iko karibu, lakini angalia kiini: ubao wa kahawia iliyokolea ni mzuri, mikanda myeupe ya pembeni ni chakula cha wadudu. Kati ya mlango na mlango wameacha milimita 3. Ukiona nafasi hiyo kiangazi utasema fundi kakosea. Masika yakifika mbao inanywa unyevu, inatanuka, na milango iliyobanwa haifunguki.

Makabati ya juu hayatundikwi kwenye matumbawe kwa skrubu nne za pembeni. Jiwe hilo ni laini na lina vishimo, na drili ikiwekwa kwenye kugonga inapanua tundu hadi fisha (plagi ya plastiki inayoshika skrubu) inazunguka bure. Walitoboa bila kugonga, wakafunga ubao mmoja mrefu wa mtiki mstari mzima kwa skrubu ndefu na fisha za milimita 10 kila sentimita 40, kisha makabati yakakalia ubao huo. Nyuma pameachwa sentimita 1.5 za hewa. Kazi safi.

Bawaba ndizo zilizotia doa. Zilianza kuota kutu mwezi wa nne baada ya kukabidhiwa. Walisema ni za pua, na sumaku kweli haikushika. Kipimo cha sumaku kinadanganya: pua za bei rahisi za daraja la 201 nazo hazishiki sumaku, na kwa upepo wa bahari zinashindwa. Ya kuulizia ni daraja la 304, iwe imegongwa kwenye bawaba yenyewe au kwenye boksi. Walibadilisha zote 22 kwa gharama yao, baada ya simu nyingi.

Fundi bomba. Alichomelea mabomba ya plastiki ya PPR ya milimita 20 kwa kukisia. Mashine ifike nyuzi joto 260, bomba likae sekunde 5, lisukumwe bila kuzungushwa na lishikwe hadi litulie. Ukizidisha joto na nguvu, plastiki inajikunja ndani na kuziba nusu ya njia, nje muungo unaonekana mzuri kabisa. Ndivyo maji yalivyotoka kama uzi kwenye sinki ilhali tangi limejaa. Kibaya zaidi alifunika mabomba kwa lipu kabla ya kuyajaribu. Yajaze maji, ziba ncha zote, yaache usiku kucha, angalia kila muungo kwa tishu kavu, ndipo yafunikwe. Vipande vitatu vya marumaru vilivunjwa kwa ajili ya miungo miwili.

Bomba la maji machafu aliliweka karibu tambarare. Linahitaji kushuka sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita. Jiko linalokuna nazi kila siku halisamehe hapo: machicha na wali vinakaa kwenye bomba, mafuta na sabuni vinavigandisha, na wiki ya pili sinki linanuka. Weka chujio kwenye tundu la sinki, trapu (kona ya bomba inayobaki na maji ya kuzuia harufu) inayofunguka kwa mkono chini yake, na kichemba kidogo cha mafuta nje kabla ya shimo. Fundi wa nje ndiye aliyerekebisha, siku mbili.

Umeme haukuwa na shida. Soketi ziko sentimita 20 juu ya kaunta na mbali na sinki, waya wa milimita za mraba 2.5 kwa soketi, friji ina laini yake, na jiko la oveni lina waya wa 6 na breka ya ampea 32. Mtungi wa gesi upo nje kwenye kibanda cha wavu. Asiye na nafasi nje atoboe matundu chini kabisa ya kabati la mtungi, sio juu, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na inalala chini. Kila muungo upakwe povu la sabuni siku mtungi unapobadilishwa.

Malipo tuligawa asilimia 50 mwanzo, 30 makabati yanapofika, 20 baada ya majaribio. Hiyo 20 ndiyo iliyomrudisha fundi bomba mara ya kwanza. Ningeanza upya ningeandika 40, 30 na 30, na vifaa vya bomba ningenunua mwenyewe na kumleta fundi wangu. Kwa mbao waachie, wanajua kuchagua.

Ni mwezi wa saba sasa tangu jiko likabidhiwe. Slabu haina ufa, milango yote inafunga, lipu haijatoa unga isipokuwa pembe moja chini ya dirisha ambako mvua inapiga. Mlango wa chini ya sinki umeshuka milimita 2, na skrubu ya kati ya bawaba inaurudisha kwa kuzungusha nusu mzunguko. Kwenye ile sehemu ya wazi, mbuzi na kinu vimekaa mahali pao, na mtu ameshaanza kusukumia makopo yasiyo na vifuniko nyuma ya kinu.